Mtaa Usiouliza

Sylvester Masolwa alipoibiwa ng'ombe kule Choma, si ng'ombe waliomuuma. Ng'ombe walirudi. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, walifuata alama za kwato porini, wakawakuta wote wamelala kivulini wanacheua, hawana hata habari kwamba wameibwa. Kilichomuuma ni mwizi. Alikuwa jirani yake wa siku zote, mtu waliyetenganishwa naye na ua wa minyaa tu, aliyekula ugali wa nyumba ile kwenye misiba na kwenye harusi, aliyejua kila ng'ombe kwa jina na kwa tabia. Tena asubuhi ya wizi wenyewe alifika mapema kumpa Masolwa pole, kabla Masolwa hajagundua kwamba ameibiwa. Ndivyo alivyokamatwa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wengine wakiisikia methali hiyo huzikung'uta nguo zao wakazivaa tena. Masolwa yeye aliamua kuzivua zote.

"Akuibiaye ni akujuaye," alimwambia mkewe. "Asiyekujua atakuibia nini? Hajui hata una nini."

Magreth alikwisha kuzizoea falsafa za mumewe kama mtu azoeavyo paa linalovuja: unajua pa kuweka ndoo. "Mwizi wa mjini hahitaji kukujua, Baba Marko," alisema. "Anahitaji mlango tu."

"Basi tutatafuta mlango mzuri."

Maana walikuwa wanahamia mjini. Magreth alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kliniki yake ilikuwa Tabora. Kila mwezi alitoka Choma kabla ya mapambazuko, akabadili gari Igunga, akafika kliniki amechoka kuliko alivyokuwa mgonjwa, na daktari akipima presha hushindwa kujua kama anapima mwili au barabara. Mwana wao Marko, aliyekuwa akifanya kazi Dodoma, alipiga simu na kusema wazee wake wanunue nyumba Tabora wakae karibu na matibabu. Masolwa akauza sehemu ya mifugo, iliyobaki akamwachia mdogo wake, akapandisha baiskeli yake nyeusi juu ya basi, akaenda kutafuta mtaa salama.

Huko akapewa dalali aitwaye Emilian. Huyu alikuwa na simu mbili, shati la mifuko minne, na uwezo wa kuusifia ukuta uliopasuka mpaka mtu akaona ufa ni madoido.

Nyumba ya kwanza ilikuwa karibu na kituo cha polisi. "Hapa, mzee wangu, usingizi ni wa bure," Emilian alisema. "Ukikohoa tu, askari huyu hapa."

Masolwa alikitazama kituo kwa muda. "Wezi wa wilaya nzima wakikamatwa, wanaletwa wapi?"

"Pale pale."

"Na wakiachiwa, wanatokea wapi?"

Emilian akasema kuna nyumba nyingine.

Ile nyingine ilikuwa jirani na kanisa. Masolwa alikuwa Mkatoliki asiyekosa misa, lakini kuishi mlangoni pa kanisa aliona ni jambo jingine. Watu wanaokwenda kutubu kila wiki, aliuliza, wana nini cha kutubu? Nyumba ya tatu ilikuwa karibu na stesheni ya reli, nayo akaikataa kwa sababu ya wageni wanaoshuka.

"Lakini mzee, si wewe uliyesema unataka watu wasiokujua?"

"Nataka wasionijua ambao hawaendi popote."

Katika kazi yake Emilian alikwisha kukutana na wateja waliotaka maji, waliotaka umeme, waliotaka uani pa kufugia bata. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka majirani wasiwepo, lakini wawe wamejenga.

Hapo ndipo Masolwa alipobuni kipimo chake. Maneno ya dalali, aliona, ni kama moshi: yanaonyesha kuna kitu kinachopikwa, hayaonyeshi ni nini. Akaamua kwamba kila mtaa atakaoonyeshwa, ataurudia peke yake, aiegemeze baiskeli mahali pa wazi bila kufuli, aondoke, kisha arudi aone. Baiskeli ikiwapo, mtaa ni salama. Isipokuwapo, amepoteza baiskeli lakini ameokoa nyumba.

Alianzia Viwanjani. Ndivyo watu walivyouita mtaa mpya uliokuwa pembezoni mwa mji, wenye viwanja vilivyopimwa, barabara pana za changarawe, na kuta ndefu zilizopandwa vipande vya chupa juu yake. Mageti yalikuwa ya bati zito, hayana hata tundu la kuchungulia. Masolwa aliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya umeme, akaenda kukaa njia panda, akala karanga, akalala kidogo, akaamka. Alasiri aliporudi, baiskeli ilikuwa pale pale. Kunguru alikuwa ameinyea kwenye kiti. Zaidi ya kunguru huyo hakukuwa na dalili kwamba kiumbe yeyote ameitambua.

Akaona moyo umetulia kama maji ya mtungi.

Kesho yake, kwa kutenda haki tu, akaenda mtaa wa Ng'ambo. Emilian alikuwa amemwonyesha nyumba huko: ya zamani, baraza mbele, uani nyuma, milango ya mninga iliyotengenezwa na watu waliokwisha kufa zamani na bado ilikuwa ikifunga vizuri. Lakini mtaa wenyewe ulimtia kizunguzungu. Cherehani zililia huku, nyundo zikagonga masufuria kule, fundi viatu akabishana na fundi redio ng'ambo ya barabara bila hata mmoja kuinua kichwa. Masolwa aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa kona, akazunguka nyuma ya msikiti polepole, akarudi kwa upande wa pili.

Baiskeli haikuwapo.

Alisimama pale akaona ile raha ya siri ambayo mtu huiona dhana yake mbaya inapothibitika. Alikuwa bado anaionja raha hiyo aliposikia sauti ya mwanamke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wewe ndiye Mzee Masolwa wa Choma?"

Mwanamke alikuwa amekaa barazani nyuma ya karai la vitumbua. Jina lake Najiat, na vitumbua vyake, kama Masolwa alivyokuja kujua baadaye, vilikuwa sababu ndogo tu ya watu kusimama pale. Sababu kubwa ilikuwa habari.

"Ni mimi," Masolwa alisema kwa uangalifu. "Umenijuaje?"

"Baiskeli yako ina kibati nyuma, kimeandikwa S. Masolwa, Choma. Tuliiona imeachwa, tukasema huyu mtu ama amezidiwa ghafla ama amechanganyikiwa. Nikampigia wifi yangu anayeuza mchele Igunga. Wifi akampigia mwenye mashine ya kukoboa pale kwenu Choma. Akasema anakujua, ni mtu mwema ila hamwamini mtu." Akageuza kitumbua. "Mama anaendeleaje na sukari?"

"Anaendelea."

"Mwambie apunguze wali. Na nyumba, umeshapata? Ile ya Emilian ni nzuri, ila bati la jikoni linavuja, asikudanganye. Baiskeli iko kwa Mfaume."

Mfaume alikuwa fundi baiskeli mwenye kibanda chini ya mwarobaini. Alikuwa ameipindua baiskeli magurudumu juu na alikuwa anamalizia kuupaka mafuta mnyororo. Breki, alisema, zilikuwa zimekufa zamani. Mzee angemuua mtoto wa mtu. Masolwa alipotia mkono mfukoni, Mfaume akatikisa kichwa. "Utanilipa ukishahamia."

Masolwa alishukuru, akapanda baiskeli, akaondoka. Njia nzima alikuwa akibana breki bila haja, na kila zilipokamata, alizidi kuhuzunika. Watu hawa walikuwa wamechukua kitu chake bila kumwuliza. Walijua maradhi ya mkewe kabla ya kuuona uso wake. Jirani yake wa Choma, mwizi yule, alihitaji miaka kuyajua hayo. Ng'ambo walihitaji karai moja la vitumbua.

Jioni ile akampigia Magreth. "Nimepata," alisema. "Mtaa mtulivu. Hakuna anayeuliza kitu."

"Na Ng'ambo ulikosikia kuna nyumba?"

"Ng'ambo pana hatari," alisema Masolwa.

Hivyo wakanunua Viwanjani. Nyumba ilikuwa nzuri, hilo hakuna aliyelikana: vyumba vikubwa, nondo madirishani, ukuta ambao mbuzi angeutazama na kukata tamaa. Masolwa alikwenda dukani kwa Mzee Fakhrudin, muuza vifaa vya ujenzi karibu na soko, akachagua makufuli mazito kuliko yote. Fakhrudin aliyafunga kwenye gazeti bila haraka.

"Marehemu babu yangu aliuza makufuli hapa hapa," alisema. "Yeye alisema kufuli ni adabu tu. Ni namna ya kumwambia mtu, tafadhali."

"Mimi nataka lisiloomba," alisema Masolwa.

Magreth alihamia na makochi, kabati la mninga alilopewa na wazazi wake, friji aliyonunuliwa na Marko, na matumaini ya kawaida ya mwanamke aliyeishi maisha yake yote akiitikia salamu. Siku za mwanzo alisimama getini asubuhi ili aamkiane na watu. Yalipita magari yenye vioo vya giza. Moja lilimpigia honi, akafurahi, kumbe lilikuwa linamwambia asogee.

Siku moja chumvi ikamwishia. Akaenda kugonga geti la jirani, bati likavuma mtaa mzima.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Jirani."

"Jirani yupi?"

Magreth akarudi nyumbani akapika bila chumvi. Masolwa alikula akasema chakula kina utulivu fulani. Magreth hakucheka.

Lakini kliniki ilikuwa na njia yake, na njia ya bajaji kutoka kliniki ilipita Ng'ambo. Mara ya kwanza Magreth alishuka kumshukuru Mfaume kwa zile breki. Mara ya pili alishuka kwa sababu Najiat alimwita. Baada ya hapo alishuka bila sababu. Alikuwa anafuma vitambaa vya makochi, vya uzi wa rangi ya chungwa na maua ya zambarau pembezoni, na mikono yake ilifanya kazi vizuri zaidi barazani kwa Najiat kuliko katika sebule yake yenye mwangwi. Najiat alisema vitambaa vile vina rangi ya kumwamsha maiti, na Magreth, ambaye hakuwa na rafiki mwingine mjini, alilichukua neno hilo kama sifa.

"Unawaambia mambo yetu," Masolwa alimlaumu.

"Nawaambia yangu. Yako walikuwa nayo kabla sijafika."

Baada ya mavuno ya mpunga, mpwa wao aliolewa Choma. Masolwa aliipanga safari kama mtu anayevusha ng'ombe mpaka wa mkoa wakati wa karantini. Hakumwambia jirani hata mmoja. Walitoka mapema, wakafunga makufuli yote, yeye akayavuta moja moja, na bajaji waliiita isimame mbali na geti. Mtaa mzima haukujua kwamba nyumba ile haina mtu. Masolwa alikaa ndani ya basi amejaa amani. Magreth alikaa pembeni yake akijua kwamba Najiat anajua, lakini aliona si lazima kuivunja amani ya mtu akiwa safarini.

Siku ya harusi, wakati ngoma zimepamba moto na bibi harusi anatolewa nje, simu ya Magreth ikalia. Ilikuwa sauti ya Najiat, na ilikuwa ya mtu aliyeudhika.

"Mama Marko, ndiyo kuhama gani huku, bila hata kuagana?"

"Kuhama kwenda wapi?"

"Si Nzega? Lori lenu limesimama hapa kwa Mfaume, linajaza upepo. Nimeviona vitambaa vyako juu ya makochi. Nikamwuliza dereva, mnampeleka wapi Mama Marko, akasema Nzega. Nikamwuliza mbona Mama Marko mwenyewe alisema anakwenda harusini Choma, akapanda gari akaondoka. Hata tairi la pili halijajazwa. Hivi umekasirishwa na nini hapa kwetu?"

Magreth alimpa mumewe simu. Masolwa alisikiliza. Wageni waliokuwa karibu walimwona akivua kofia, akaishika mbele ya kifua kama mtu aliye mazikoni.

Walifika Tabora kesho yake. Geti lilikuwa limefungwa vizuri. Wezi walikuwa wamekata makufuli ya mzee, wakapakia kila kitu, na walipomaliza wakaweka kufuli lao wenyewe, jipya, kwa heshima. Ilibidi Masolwa amtafute fundi ili aingie kwake. Ndani palikuwa peupe kama siku walipopanunua. Hata ndoana ya kutundikia kalenda haikuwapo.

Lori lilipatikana. Lile tairi ambalo halikujazwa liliisha upepo nje ya mji, na wezi wakalitelekeza lori wakatokomea porini na televisheni na vyombo vya kubebeka. Makochi, kabati, friji na kitanda vilirudishwa mjini chini ya ulinzi. Lakini havikurudi nyumbani. Viliwekwa kituoni kama vielelezo mpaka kesi itakapopata washtakiwa, na washtakiwa bado walikuwa wanatafutwa. Afisa aliyemweleza hayo alikuwa mtu mpole. "Wala usiwe na wasiwasi, mzee," alisema. "Hapa viko salama."

Masolwa aliyatazama makochi yake kupitia dirisha lenye nondo, na vitambaa vya chungwa juu yake. Alikumbuka kwamba Emilian alimwonyesha nyumba hatua chache kutoka pale, na kwamba vitu vyake vilikuwa vimekubali ushauri ambao yeye aliukataa.

Jioni ile geti liligongwa. Alikuwa Umang, mfanyabiashara wa mbao aliyekaa nyumba ya mkono wa kulia, amefuatana na Bi Flavia, mstaafu wa benki aliyekaa ng'ambo ya barabara, na Ngollo, mlinzi wa Umang. Walikuja kutoa pole. Ilikuwa mara ya kwanza kwa yeyote kati yao kuiona sebule ile, na kwa kuwa haikuwa na kiti, wakakaa chini kwenye sakafu, Bi Flavia akakunja miguu upande kama msichana wa shule.

"Mimi naona aibu sana," alianza Umang. "Lori lilikuja asubuhi, mchana kweupe. Gari yangu ilikuwa imeziba njia. Dereva akaomba kwa adabu, nikaisogeza. Hata nilimwongoza wakati anarudi nyuma, asigonge ukuta wako."

"Wewe afadhali," alisema Bi Flavia. "Mimi waliniomba maji ya kunywa. Nikawapa ya friji. Vijana wenye malezi mazuri, waliniamkia wote. Nilisema moyoni, angalau hawa wanaohama wamepata wapakizi wa heshima."

Wote wakamtazama Ngollo, ambaye alikuwa anaitazama sakafu.

"Kabati lilikuwa zito, mzee," Ngollo alisema mwishowe. "Nilishika upande mmoja tu."

Masolwa alitafuta hasira akaikuta haina pa kukaa. "Na hakuna aliyeuliza?"

Majirani walitazamana. "Tungemuuliza nani?" alisema Bi Flavia taratibu. "Hatukuwa na namba yenu. Hatukujua hata mnaitwa nani. Na mtu akihama bila kusema, hapa kwetu hatuoni ajabu. Ndiyo sababu tulinunua hapa."

"Hata mimi," alisema Umang.

"Hata mimi," alisema Masolwa, na ilikuwa kweli, na ndiyo maana hakuweza kuwalaumu. Tabora ni mji uliokulia njiani. Tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji kwenda pwani, watu wameiona mizigo ya wengine ikipita mabegani mwa wasiojulikana, na sijui kama yupo aliyepata faida kwa kuuliza ni ya nani. Viwanjani walikuwa wameidumisha mila hiyo bila kukusudia.

Magreth alileta chai katika vikombe vilivyoazimwa kutoka kwa Bi Flavia. Ilikuwa jioni nzuri, kwa kweli. Iligundulika kwamba Umang naye ana sukari, na kwamba Bi Flavia alizaliwa Igunga. Kabla hawajaondoka wakaunda kundi la kwenye simu na kuliita Ulinzi Jirani. Wiki hiyo hiyo likawa la kutumiana sala za asubuhi na bei za mbao.

Wageni walipotoka, Magreth alikusanya vikombe. "Ile nyumba ya Ng'ambo," alisema, "bado haijanunuliwa. Bati la jikoni limeshazibwa."

"Nani kakwambia?"

Magreth akavipeleka vikombe jikoni.

Kuiuza nyumba ya Viwanjani haikuwa kazi. Emilian alileta mteja, ofisa mmoja kijana anayefanya kazi Isikizya, nje ya mji, mwenye mke na wasiwasi. Alizunguka akagonga kuta, akaridhika, kisha akamvuta Masolwa pembeni.

"Mzee wangu, niambie kama baba yangu. Mtaa huu ni salama?"

Emilian alianza kukohoa. Masolwa hakuwa mwongo, na akaona huyu ni mtoto wa watu. Akamweleza yote: lori mchana, gari lililosogezwa, maji ya friji, kabati. Kijana alisikiliza kwa makini sana.

"Kwa hiyo majirani hawaingilii kabisa mambo ya mtu," alisema.

"Hata kidogo."

"Nitaichukua," alisema yule kijana, na Masolwa alipofungua kinywa ili aeleze tena, Emilian alikuwa amekwisha kuwashikanisha mikono.

Wakahamia Ng'ambo. Hawakuwa na cha kuhamisha, hivyo mtaa ukajisikia umenyimwa kazi, na watu wakaleta vya kwao: stuli, jiko, godoro, kochi moja lisilo na ndugu. Masolwa alimlipa Mfaume zile breki. Alilalamika kila siku. Alilalamikia kelele, na watu wanaoingia uani kabla hodi yao haijaisha, na Najiat kumwuliza mbele ya wateja kama choo sasa kinapatikana. Akaibiwa pia, mara moja: kandambili zake mlangoni. Kufikia adhuhuri watu walikuwa wamemletea jozi tatu, hakuna hata moja yake, na mwizi, ambaye kila mtu alimjua, alikuwa amekwisha kusemwa na shangazi zake wote kwa zamu. Masolwa alivaa jozi iliyomtosha na kusema Choma mambo haya yasingetokea. Magreth alizidi kunenepa kidogo usoni, na daktari akasema presha imeshuka.

Hata hivyo mtu habadiliki kama ngozi ya nyoka. Mwezi uliopita Masolwa aliamua kwenda Choma kuangalia ng'ombe, na akaamua kwenda kimya kimya, ili mradi tu ajue kwamba bado kuna jambo moja duniani analoweza kulifanya bila kujulikana. Akamwambia mkewe anakwenda kununua misumari. Akatoka bila begi, akapita njia ya nyuma ya msikiti, akafika stendi, akakata tiketi, akakaa kiti cha dirishani na kujisikia kijana.

Saa ya kuondoka ikafika, basi likaunguruma, lakini halikuondoka. Abiria wakaanza kunung'unika. Kondakta akaja katikati ya viti akitazama nyuso.

"Mzee Masolwa ni nani?"

Masolwa alifikiri kunyamaza. "Ni mimi."

"Umesahau miwani. Najiat amepiga simu, amesema basi lisitoke. Bodaboda inaileta sasa hivi."

Wakangoja, basi zima. Bodaboda ikaja, miwani ikapitishwa dirishani, imefungwa kwenye karatasi pamoja na vitumbua viwili vya njiani. Masolwa aliipokea, akaivaa, akatazama mbele kwa uso mgumu. Basi lilipokwisha kutoka stendi, akamwita kondakta kwa sauti ya chini.

"Na nitarudi lini, hawakukwambia?"

"Jumatano," alisema kondakta.

Masolwa mwenyewe alikuwa hajaamua. Lakini kadiri alivyolifikiria, Jumatano aliiona siku nzuri.